Kulwa seminari, Doto kwa masista, na baba yao hajui

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa mapacha, naishi Igoma, Mwanza, nauza dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba. Nakuandikia usiku wanangu wakiwa wamelala, kwa sababu nikiandika wakiwa macho watasoma.

Kulwa ni wa kiume, Doto wa kike. Wako Darasa la Saba, shule ya Serikali, kayumba hasa, darasa moja watoto zaidi ya mia. Mungu kawajalia akili. Kwenye moko, mtihani wa majaribio wa wilaya, wote wawili walikuwa kumi bora shuleni kwao. Mimi niliishia Kidato cha Pili, kwa hiyo nimejiapiza hawa wasome shule za Kanisa. Kulwa aende seminari, Doto kwa masista. Nilidhani ni kuchukua fomu na kujaza. Kumbe.

Paroko hatoi barua ya utambulisho mpaka mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo athibitishe. Nikaenda kwa mwenyekiti. Akafungua daftari la mahudhurio, akanionyesha kwa kidole: jina langu halina tiki tangu mwaka jana. Tena nadaiwa 85,000 ya mchango wa ujenzi. Sala za jumuiya ni Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa hiyo mimi niko Mwaloni nagombania mzigo. Nimlaumu nani?

Halafu ubatizo. Walibatizwa Ukerewe wakiwa wadogo, wakati wanaishi na mama yangu. Mama amefariki na kadi sijui ziliishia wapi. Nakumbuka majina ya ubatizo ni Petro na Paulina, ila nina wasiwasi waliandikwa kwa jina la marehemu baba yangu, kwa sababu wakati huo mimi na baba yao tulikuwa hatujakaa pamoja. Shuleni na kwenye cheti cha kuzaliwa wanatumia la baba yao. Jirani anasema nikimbilie shuleni nikabadilishe majina kabla ya mtihani wa Septemba, yafanane na ya kanisani.

Doto amefanya usaili shule moja ya bweni yenye jina la mtakatifu, akapita. Wanataka 400,000 ndani ya siku kumi na nne za kushika nafasi, na hairudishwi. Namba niliyopewa ya kulipia ni ya simu, inatoka jina la mtu. Shule ya masista ninayoitaka kweli usaili wao ni Oktoba. Nikisubiri nikakosa zote je? Na kuna kijana mmoja hapa mtaani anasema nimpe 200,000 ataniletea barua ya paroko yenye muhuri, habari ya jumuiya niachane nayo.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Kulwa hataki upadri. Tangu mdogo yeye ni injini za boti tu, akienda na mimi Mwaloni namkuta amechuchumaa kwa mafundi. Watu wameniambia nimfundishe aseme anataka kuwa padri, akimaliza Kidato cha Nne aondoke zake, eti ndivyo wanavyofanya wote, na ada ya seminari ni nafuu. Nimeanza kumfundisha. Juzi akaniuliza: "Mama, wakinichukua, nani atamwambia Padri kwamba tulimdanganya, mimi au wewe?" Nikamwambia alale.

Baba yao ni Msabato. Hatukufunga ndoa kanisani. Anajua wanatafutiwa shule ya kulala, habari ya seminari hajui.

Nianzie wapi?

Mama Kulwa, Igoma

*

Marahaba, Mama Kulwa.

Umenimwagia kapu ambalo dagaa na furu vimechanganyika, na wewe mwenyewe unajua kazi ya kuchambua. Kila sharti ulilolitaja lina mwenyewe. Moja ni la Serikali, jingine la jimbo, jingine la shule, jingine ni la mwenyekiti wako na daftari lake, na jingine halina mwenyewe kabisa, limetungwa na kijana wa mtaani. Ukijua mwenyewe ni nani, unajua mlango wa kubisha. Lakini nitaanza na swali la Kulwa, ingawa wewe umeliweka mwisho, kwa sababu yeye ameuliza vizuri kuliko sisi wote.

Seminari ndogo si shule ya bweni ya bei nafuu. Ada yake ni ndogo kwa sababu kuna wengine wanaoijazia: jimbo, na waamini wanaochanga, pengine na huyo anayekudai 85,000. Wanachangia malezi ya mapadri. Na hiyo sifa ya kufaulisha ina historia yake. Serikali ilipotwaa shule za mashirika ya dini kwa Sheria ya Elimu ya 1969, seminari zilibaki mikononi mwa Kanisa, kwa kuwa zilihesabiwa ni nyumba za malezi ya mapadri, si shule za kila mtu. Kwa hiyo kwa miaka mingi nguvu ya Kanisa katika sekondari ilielekea huko. Wazazi wakaona matokeo, wakaanza kuzitamani kwa ajili ya matokeo.

Sasa, hakuna mlezi mwenye akili timamu anayemtaka mtoto wa miaka kumi na mitatu aape kwamba atakuwa padri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwenye hati yake ya 1965 kuhusu malezi ya mapadri, unazitaja seminari ndogo kuwa mahali pa kuotesha mbegu za wito. Ni mbegu tu zinazotafutwa. Mtoto akisema "sijui bado, ila napenda kanisani, nataka kuona," hilo ni jibu halali, na wapo walezi wanaolipenda kuliko hotuba. Wengi huingia hivyo, wengi hutoka bila kuwa mapadri, na hakuna anayewaita waongo. Tofauti yao na Kulwa ni kwamba Kulwa anajua. Ameshakwambia hataki. Unachomfundisha ni kusema "nataka" huku moyoni kuna "sitaki", na atalazimika kuliishi hilo kila asubuhi ya misa kwa miaka minne.

Na wala halitapita. Nilikaa ofisi ya shule ya masista miaka kumi na moja nikipokea fomu na kuwapanga watoto kwenye benchi la usaili, na padri mlezi wa jimbo alikuwa akija kutumia chumba chetu kuwasaili wavulana. Mlango ulikuwa haufungi vizuri. Waliofundishwa nyumbani walikuwa wanatumia sentensi moja, kwa sauti moja, kama wimbo wa mchakamchaka. Yeye aliwaacha wamalize, kisha anauliza: Jumapili iliyopita somo la Injili lilihusu nini? Paroko wenu anaitwa nani? Mara ya mwisho ulisali peke yako lini, ukaomba nini? Hapo kimya kinaingia mpaka unasikia feni.

Muulize Kulwa upya. Mchukue mwenyewe, bila Doto, mkiwa njiani kwenda mahali, na usiweke jibu ndani ya swali. Akisema bado hataki, achana na seminari na umwombe radhi kwa yale mafunzo. Kisha umwambie habari hii: Bwiru, wilaya ya Ilemela, kuna sekondari ya wavulana ya ufundi, ya Serikali, iko karibu na ziwa. Huko hakuombwi kwa fomu wala barua ya paroko. Matokeo ya Darasa la Saba yakitoka, TAMISEMI, ofisi ya Serikali ya tawala za mikoa, ndiyo inayopanga nani aende shule ya ufundi, nani bweni, nani kutwa, na kinachoangaliwa ni alama. Mtihani una jumla ya alama 300, na kwa shule hizo anatakiwa azivune nyingi kweli kweli. Sikuahidi kwamba atapata. Nasema tu kwamba mtoto anayechuchumaa kwenye injini za boti unamsukuma kwenye altare, wakati shule inayofundisha mambo yake iko mji huo huo, na shule za Serikali hazidai ada ya Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne tangu Januari 2016.

Tuje kwa baba yao. Umeandika "hatukufunga ndoa kanisani" kama mtu anayeungama, nikahisi unadhani ndilo litakalowafungia watoto mlango. Kanuni za zamani za Kanisa, zile za 1917, kweli ziliweka kizuizi cha upadri kwa aliyezaliwa nje ya ndoa mpaka apewe ruhusa. Kanuni za 1983 ziliondoa jambo hilo. Fomu fulani bado inaweza kuuliza cheti cha ndoa ya wazazi. Ikiuliza, jaza ukweli na umweleze paroko. Siku mkitaka kuiweka sawa, Mkatoliki na Mkristo wa dhehebu jingine wanaweza kufunga ndoa kwa ruhusa ya askofu, inaitwa ndoa mseto, na paroko ndiye wa kumwona. Lakini usiifanye kwa sababu ya fomu ya shule.

Kinachonisumbua mimi ni kwamba mzee hajui. Umemficha kwa sababu alishakataa, au kwa sababu hujawahi kumuuliza? Fomu nyingi zina sehemu ya mzazi kusaini, na fedha za ada natumaini hutazitafuta peke yako kwenye dagaa. Mwambie. Akiwa Msabato wa kweli atakuuliza jambo moja kuhusu Doto: Jumamosi. Kwenye shule nyingi za masista Jumamosi ndiyo siku ya kufua na kusafisha mabweni, pengine na vipindi. Doto ni Mkatoliki, huenda kwake si tatizo, ila baba ana haki ya kusikia hilo kabla, si siku ya kutembelea wanafunzi. Shule za kawaida za Kanisa hupokea watoto wa madhehebu na dini mbalimbali, na Sista Mkuu wa Shule ameshaulizwa swali hili mara nyingi. Nimeona wakikubali binti afue Ijumaa mchana kabla jua halijazama. Nimeona pia wakisema hapana, na mzazi akaaga kwa heshima akatafuta kwingine. Muulize kabla hujatoa shilingi.

Majina. Jirani yako anakupoteza. Usiguse majina ya shuleni. Jina lililosajiliwa shule ya msingi, pamoja na namba ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, ndilo litakalotoka kwenye matokeo ya Baraza la Mitihani na ndilo sekondari yoyote, ya Kanisa au ya mtu, italitumia kumsajili. Ukilivuruga Agosti, utalilipia mpaka chuo kikuu. Ni karatasi ya kanisani inayopaswa kuelezwa: paroko anaandika kwamba Paulina aliyeko kwenye kitabu na Doto aliyeko kwenye cheti cha kuzaliwa ni mtoto mmoja, anaweka muhuri, imekwisha. Shule ikitaka zaidi, wakili anakuandalia hati ya kiapo.

Na kadi kupotea si msiba. Kadi ni nakala tu, ubatizo wenyewe umeandikwa kitabuni, na kitabu hakihami. Kanisa linaagiza kila parokia itunze kitabu cha waliobatizwa, na kila jina lina namba yake, ile inayoandikwa L.B. kwenye kadi. Kwa hiyo usihangaike kwenye ofisi za Jimbo Kuu hapa mjini. Ukerewe tangu 2010 iko Jimbo la Bunda, na hata Bunda huna haja ya kwenda: kitabu kiko parokia ile ile walikomwagiwa maji.

Mwenyekiti wa jumuiya nitamtetea kidogo, ukasirike ukitaka. Anaombwa aandike kwamba anakufahamu, na daftari lake linasema hakufahamu. Angesaini bila kuangalia, ndiye angekuwa mbaya. Niliwahi kupokea barua thelathini za utambulisho kwenye msimu mmoja, zote zimeandikwa "ni mwamini hai na mwenye maadili mema", mwandiko mmoja, kalamu moja. Hatukuwa tunazisoma tena. Ya mwenyekiti wako ingesomwa.

Ila kwenye 85,000 simtetei. Ni kweli mwamini ana wajibu wa kuchangia Kanisa lake, lakini barua ya mtoto si risiti ya mchango wa mama. Nenda kwake jioni, si Jumamosi, ukiwa na elfu kumi mkononi na mpango wa kumalizia kidogo kidogo, na umweleze habari ya saa kumi na mbili na nusu na mzigo wa Mwaloni. Huenda hajui unafanya kazi gani alfajiri. Wenyeviti wengi ni wastaafu, wanaona kila mtu ana Jumamosi. Muulize kama watoto wanaweza kuhudhuria kwa niaba ya nyumba yako. Doto na Kulwa wakitokea Jumamosi nne mfululizo, tiki zitaanza kujaa. Akikataa yote hayo, paroko ana siku zake za ofisi, nenda ukamwambie kama ulivyoniambia mimi. Barua ni ya paroko. Mwenyekiti ni shahidi tu.

Kijana wa 200,000 anakuuzia kosa la jinai. Mwache.

Sasa hiyo shule iliyompitisha Doto. Jina la mtakatifu halina hatimiliki. Mtu yeyote mwenye kiwanja na kibali anaweza kuiita shule yake Mtakatifu fulani, akapaka ukuta rangi ya bluu, akasimamisha sanamu ya Bikira Maria getini. Zipo nzuri za namna hiyo, sizisemi vibaya, lakini si za Kanisa. Kanuni za Kanisa, namba 803, zinasema hakuna shule inayoruhusiwa kujiita ya Kikatoliki bila idhini ya mamlaka ya Kanisa. Uliza swali moja la wazi: mmiliki ni jimbo gani, au shirika gani la masista? Shule ya Kanisa inajibu kwa sentensi moja. Ukiona maelezo yanazunguka, umeshajibiwa. Uliza pia namba ya usajili ya Wizara, na akaunti ya benki yenye jina la shule. Laki nne kwenye simu ya mtu, hapana, hata kama mtakatifu wao ni Mtume Petro mwenyewe.

Hofu yako ya kukosa zote haina msingi. Doto akifaulu mtihani wa Septemba, Serikali itampangia sekondari, apende asipende. Hiyo ndiyo akiba yako, na watu wanaouza nafasi hawapendi uikumbuke. Kwa hiyo subiri Oktoba. Laki nne ibaki mfukoni, na sehemu yake ndogo uitumie kwenye Kiingereza, maana hapo ndipo watoto wa kayumba wanapoangukia. Hesabu anazijua, tatizo swali limeandikwa kwa lugha ambayo darasani kwao inafundishwa kama somo moja tu. Mtafutie mwalimu wa jioni baada ya mtihani wa taifa, amfundishe kusoma maswali ya hesabu kwa Kiingereza, siyo kukariri nyakati za vitenzi. Shule ya masista ikimchukua na ina mafunzo ya awali kabla ya Kidato cha Kwanza, mpeleke bila kusita.

Na kabla ya kulipa huko pia, soma maelekezo ya kujiunga mpaka ukurasa wa mwisho, pale wanapoandika habari ya wastani wa shule. Kuna shule humwondoa au kumkaririsha mtoto aliyeshuka chini ya alama walizojiwekea, ingawa Wizara imelikemea hilo zaidi ya mara moja. Ukiona neno hilo, uliza linatumikaje kwao.

Anzia Ukerewe. Panda meli ya Nansio siku ambayo mzigo ni haba, beba vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili, kitambulisho chako, na mwaka wa ubatizo hata kama ni wa kukisia. Ukifika parokiani muulize katekista mzee kuliko wote. Mara nyingi yeye ndiye anajua kitabu kipi kiko kabati lipi, na atakuuliza mama yako alikuwa nani kabla hajakuuliza wewe ni nani. Mtafuteni Petro na Paulina kwa jina la baba yako. Wakipatikana, nakili namba zote mbili za L.B. kwenye lile daftari la wadaiwa wako wa dagaa, ambalo najua halipotei.